BARAZANI: KETE NNE ZA KICHWANI

Mwezi huu naomba ukae nami barazani Pangani, karibu na kivuko. Tutatazama watu wawili wakicheza bao. Mmoja ni mzee kutoka Bweni, ng'ambo ya mto. Mwingine ni kijana wa Pangani mjini, fundi baiskeli. Majina yao siyatoi, maana hawakuniomba niwaandike gazetini.

Kabla hujaendelea kusoma, tafuta mahali penye mchanga. Chimba mashimo madogo 32. Yapange safu 4, kila safu mashimo 8. Kisha okota kokoto 64. Ukiwa karibu na pwani okota komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za ule mti wa miiba unaoota karibu na ufuko. Hizo ndizo kete zetu tangu zamani. Ukiwa na mashimo na kete mbele yako utaufuata mchezo huu vizuri kuliko mtu anayesoma tu.

Wako wasomaji waliosikia habari za sataranji. Huo ni mchezo wa ubao wenye vyumba 64. Kila mchezaji ana askari na wakubwa wao, jumla 16. Mabingwa wa dunia wa sataranji wanajulikana rasmi tangu mwaka 1886. Watu husafiri kutoka nchi moja hadi nyingine kwenda kuwatazama wakicheza, na wanakaa kimya kama wako msikitini.

Bao letu nalo lina hesabu ya 64, lakini ni 64 za kete. Tena kuna tofauti moja kubwa. Katika sataranji, askari akiliwa anatolewa nje. Katika bao hakuna kete inayotoka. Ukinila, kete zangu zinakuwa zako, na papo hapo zinakufanyia kazi. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa tajiri sasa hivi, na kabla hajameza mate akawa maskini.

Mchezo huu si wa jana. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, aliutungia shairi. Unachezwa Unguja na Pemba, Lamu na Ngazija, na huko Malawi wanauita bawo. Mwalimu Nyerere alipenda sana kuucheza. Mtaalamu mmoja wa Uholanzi, Alex de Voogt, alikwenda Unguja kuwachunguza mafundi wa bao, akaandika kitabu kizima kilichotoka mwaka 1995. Alitaka kujua akili ya mtu inaweza kushika hesabu ndefu namna gani. Sisi hapa tunapita barazani tukiwaona wazee wameinama, tunadhani wanapoteza wakati tu.

MASHIMO NA MAJINA YAKE

Wewe una safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Mwenzako naye ana mbili. Safu zenu za mbele zinatazamana.

Katika safu yako ya mbele, hesabu kutoka kushoto. Shimo la 5 ndiyo nyumba. Mara nyingi huchongwa pembe nne ili lijulikane. Mashimo ya mwisho, la 1 na la 8, huitwa vichwa. Yanayofuata vichwa, la 2 na la 7, huitwa kimbi.

Mwanzo wa mchezo kila mtu anatia kete 6 katika nyumba, 2 katika shimo la 6, na 2 katika shimo la 7. Hizo ni 10. Zinazobaki ni 22, unazishika mkononi. Wakati huu wa kutia kete za mkononi moja moja huitwa kunamua. Kete za mkononi zikiisha, mnaingia katika mtaji, mnacheza kwa zilizomo mashimoni tu.

Kula ni hivi. Unatia kete moja katika shimo lako la mbele lenye kete. Kama shimo la mwenzako linalotazamana nalo lina kete, unazichukua zote. Unaanza kuzitia moja moja katika mashimo yako ya mbele, kuanzia kichwani. Ukitaka, anza kichwa cha kushoto. Ukitaka, anza cha kulia. Lakini kama umekula kwa kichwa au kimbi, unaanza upande huo huo.

Kete yako ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, na mbele yake mwenzako ana kete, unakula tena. Mbele yake kukiwa patupu, unazoa kete za shimo hilo lako na kuendelea nazo. Ikiangukia shimo tupu, umelala. Zamu imekwisha. Ikiangukia nyumba yako wakati wa kunamua, na mbele yake ni patupu, una hiari ya kulala hapo au kusafiri nazo zote.

Usipokuwa na cha kula, unatakata. Maana yake unatia kete moja, unazoa shimo hilo na kuzisambaza bila kula.

Anayeishiwa kete safu ya mbele ameshindwa, hata kama nyuma anazo. Akiishiwa wakati bado ana kete mkononi, amefungwa mkononi. Hiyo ndiyo aibu kubwa ya bao. Watu wataitaja mpaka Idi ijayo.

Sasa tazama jambo moja ambalo wanafunzi wa bao huchelewa kuliona. Nyumba yako na nyumba ya mwenzako hazitazamani. Ziko ubavuni. Nyumba yako inatazamana na shimo lake la 4, lililo kushoto mwa nyumba yake. Na shimo lako la 4 linatazamana na nyumba yake. Kwa hiyo shimo la 4 ndio mlango wa kuingilia kwa jirani. Ukipata kete moja hapo, na zamu ikawa yako, unaibeba nyumba yake yote.

WATU WENYEWE

Siku hiyo ilikuwa Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri. Chini ya mwembe palikuwa na mabenchi mawili, birika la kahawa na sinia la kashata. Baraza la Bweni na baraza la Pangani hushindana kila mwaka. Kila upande unatoa fundi mmoja. Wanacheza mabao matatu.

Fedha hazichezewi. Kinachoshindaniwa ni bao lenyewe. Ni bao la mvule, jeusi kwa mafuta ya mikono ya watu. Yule mzee alirithi bao hilo kwa mjomba wake, akaliingiza katika mashindano mwenyewe miaka ya nyuma, alipokuwa hapigiki. Mshindi analichukua mpaka mwaka mwingine. Lilikuwa halijalala upande wa Pangani hata usiku mmoja.

Lakini mwaka huu watu wa Bweni walikuwa na wasiwasi. Mzee ana mtoto wa jicho. Jicho la kulia haoni kabisa, na la kushoto anaona ukungu. Alishuka kwenye kivuko akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake.

Kijana alimwamkia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mjomba."

"Basi vizuri. Mwenye njaa hucheza haraka."

Bao la kwanza alishinda kijana. Lilikwenda mpaka mtaji, likachukua karibu saa nzima. Bao la pili alishinda mzee, naye akalifunga haraka. Lililobaki ni la tatu. Watu wa sokoni walifunga meza zao wakaja. Hata makuli waliokuwa wakipakia nazi waliacha magunia.

BAO LA TATU

Mzee ndiye aliyeanza. Hakuna cha kula mwanzoni, kwa hiyo ilibidi atakate. Alitia kete shimo la 6, zikawa 3. Akazizoa kwenda kushoto. Moja nyumbani, moja shimo la 4, moja shimo la 3. Nyumba yake ikawa na 7.

Umeona alichofanya? Kete moja imekwisha kukaa mlangoni. Inaitazama nyumba ya kijana yenye 6. Na ile ya shimo la 3 inatazama kete 2 za kijana.

Kijana alikuwa na milo miwili. Angeweza kula ile ya shimo la 3. Angekula hiyo, mzee angetia kete mlangoni na kuibeba nyumba nzima. Kwa hiyo kijana alikula ile ya mlangoni, kwa nyumba yake. Alipata kete moja tu, lakini nyumba ilipona. Watu waliguna kwa kuridhika. Kijana hakudanganyika.

Waliendelea hivyo. Sitakuandikia kila zamu, maana gazeti halitatosha. Kijana alicheza vizuri sana. Kila mzee alipopeleka kete mlangoni, aliikuta imeliwa. Polepole kete zilianza kuhamia Pangani. Kila mmoja alipobaki na kete 8 mkononi nilizihesabu. Kijana alikuwa na 35 zote pamoja, na mzee 29. Zijumlishe, utapata 64.

Kijana alicheza, kete zake zikalala. Sasa zamu ikawa ya mzee. Zipange nawe mchangani kama nilivyoziandika. Tunahesabu kutoka kushoto kwa mzee.

Safu ya mbele ya mzee:
0, 0, 2, 0, 11, 1, 0, 0

Safu ya mbele ya kijana, inayotazamana nayo:
4, 0, 0, 9, 1, 5, 0, 0

Nyuma, mzee alikuwa na kete 7, na shimo lake la mwisho la kulia lilikuwa tupu. Kijana nyuma alikuwa na 8.

Tazama nyumba ya mzee yenye 11. Mbele yake kuna kete moja ya kijana. Hiyo ni kete ya mlangoni. Mzee asipoitoa, zamu ijayo kijana anatia moja hapo na kubeba zote.

Watu wa Pangani walianza kuchekeana. Kijana mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Hata haoni. Mwambieni kuna kete pale." Mtu wa Bweni akashindwa kujizuia akasema kwa sauti, "Nyumba, mzee!" Papo hapo akakemewa na pande zote mbili. Mtazamaji hana ruhusa ya kusema. Huyo alinyamazishwa, akapewa kahawa ashughulike nayo.

Mzee hakugeuka. Alikuwa ameshika kete moja kati ya kidole gumba na cha shahada, anaizungusha. Alikaa hivyo muda mrefu. Mwenye kivuko alipiga honi mara moja. Bado hakucheza.

NJIA TATU

Hebu tufikiri pamoja naye. Alikuwa na njia tatu.

Njia ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikisemwa na kila mtu. Atie kete nyumbani, ale ile moja ya mlangoni. Nyumba inakuwa na 12 na inapona. Ile moja aliyokula anaitia kichwani, inalala. Mimi mwandishi wenu ningefanya hivyo bila kusita. Lakini baada ya hapo kijana bado ana 4, 9 na 5 safu ya mbele, na zamu ni yake. Mzee angekuwa ameziba tundu moja la mtumbwi huku maji yanaingia kwingine.

Njia ya pili na ya tatu zinaanza pamoja. Atie kete shimo la 6, ale zile 5 za kijana. Tano ni mlo mzuri. Lakini azianzie upande gani?

Akianzia kulia, zinakwenda shimo la 8, la 7, la 6, la 5, na ya mwisho shimo la 4. Shimo la 4 ni tupu. Amelala. Tena amelala mlangoni kwa kijana, mbele ya nyumba yenye 9. Mchezaji mwenye tamaa angefurahi sana hapo. Lakini zamu ni ya kijana, na ile kete yake ya mlangoni bado ipo. Kijana anatia moja, anabeba nyumba ya mzee ambayo sasa ina 12. Mchezo umekwisha. Mimi nimewahi kufa kifo hicho mara nyingi, na sikuwa na mtoto wa jicho.

Kijana alikuwa ameziona njia hizo mbili. Baadaye aliniambia mwenyewe. Alijua mzee akiwa mwoga atakula moja, na akiwa na tamaa atakula tano na kulala mlangoni. Kote kuwili yeye anafaidika. Njia ya kuanzia kushoto aliihesabu mpaka nyumbani kwa mzee, akaishia hapo. Aliona kete ya mwisho inafika nyumbani, akadhani safari imefika.

ALICHOCHEZA MZEE

Mzee alitia kete shimo la 6. Zikawa 2. Akazoa zile 5 za kijana. Mkono wake ukaenda kushoto.

Fuata kwa kokoto zako. Shimo la 1, kete moja. La 2, moja. La 3, zikawa 3. La 4, moja. La 5, nyumbani, zikawa 12.

Ya mwisho imeangukia nyumbani, na mbele yake ipo ile kete ya mlangoni. Anaila. Sasa ana kete moja mkononi mwake ya kutia, naye alianza kushoto, kwa hiyo inakwenda kichwa cha kushoto. Shimo la 1 lilikuwa na moja aliyoitia sasa hivi. Zikawa 2.

Hapo ndipo kijana alipoinua kichwa.

Mbele ya kichwa hicho kijana ana kete 4. Zilikuwa zimekaa hapo kimya tangu mapema. Hakuna aliyezijali, maana kichwa cha mzee kilikuwa kitupu, na shimo tupu haliwezi kula. Lakini sasa si tupu tena. Mzee akazila zote 4.

Amekula kwa kichwa cha kushoto, lazima aanzie hapo hapo. Shimo la 1, la 2, la 3, la 4. Kete ya nne imeangukia shimo la 4, ambalo lilikuwa na moja. Zimekuwa 2. Na mbele ya shimo la 4 ni nini?

Ni nyumba ya kijana. Kete 9.

Barazani palikuwa kimya mpaka ukasikia maji ya mto. Mzee alizoa zile 9 kwa mikono miwili, akaanza tena kichwani. La 1, la 2, la 3, la 4, la 5, la 6, la 7, la 8. Ya tisa ikapinda nyuma, ikaangukia lile shimo la mwisho la kulia lililokuwa tupu. Ikalala.

Mzee alirudisha mikono yake magotini.

Hesabu alichokula katika zamu moja. 5, na 1, na 4, na 9. Jumla 19. Kutoka 29 alifika 48. Kijana alibaki na 16, yaani 8 za safu ya nyuma na 8 za mkononi. Safu yake ya mbele haikuwa na hata kete moja.

"Hamna," mzee akasema.

Kijana alitazama kete 8 zilizokuwa bado mkononi mwake. Alikuwa amefungwa mkononi.

Kelele zilizofuata sitaziandika. Watu wa Bweni walirukaruka mpaka birika la kahawa likamwagika. Mwenye kahawa alidai alipwe, akalipwa papo hapo na mtu wa Pangani, jambo ambalo nalo liliwachekesha watu.

BAADA YA MCHEZO

Mimi nilitaka kujua jambo moja. Nilimwendea mzee nikamwuliza aliwezaje kuziona zile 4 za kichwani, naye haoni.

"Sikuziona," alinijibu. "Nilizisikia akizitia. Kete ikiingia shimoni inalia. Ikiingia juu ya nyingine inalia vingine. Mimi kila kete najua ilikokwenda tangu tuanze. Macho yangekuwa mazuri ningetazama nyumba kama nyinyi wote."

Ndugu msomaji, sikumwamini mara moja. Lakini mjukuu wake aliniambia kuwa jioni nyumbani hucheza taa ikiwa imezimwa, na babu hakosei shimo.

Kijana hakuondoka. Wenzake walimshika bega, waende, akakataa. Aliinama, akazirudisha kete zote kama zilivyokuwa kabla ya zamu ile ya mwisho. Alizikumbuka zote, hata za nyuma. Hapo nikajua kuwa naye ni fundi. Mtu wa kawaida akishafungwa mkononi hakumbuki hata jina lake.

"Mjomba," alisema, "kosa langu liko wapi? Ni ile ya mlangoni?"

"Ile ya mlangoni umeitia vizuri. Hata mimi ningeitia."

"Basi ni zile 5?"

Mzee hakujibu. Alinyosha kidole, akapapasa ukingo wa bao mpaka akafika kichwani kwa kijana. Akagusa zile 4.

Kijana alizitazama kwa muda. Kisha akatoa moja, zikabaki 3. Akaanza kucheza upya zamu ya mzee, kwa mkono wake mwenyewe.

Nawe fanya hivyo mchangani. Kila kitu kiache kama mwanzo, ila kichwani kwa kijana weka 3 tu. Kula zile 5, anzia kushoto, fika nyumbani. Kula ile moja, itie kichwani. Kula zile 3. Shimo la 1, la 2, la 3. Sasa ya mwisho imeangukia shimo la 3, ambalo lina 4. Mbele yake ni patupu. Zoa hizo 4 uendelee nazo. La 4, la 5, la 6, na ya mwisho shimo la 7. Shimo la 7 ni tupu. Umelala.

Nyumba ya kijana yenye 9 bado ipo. Na mbele yake, katika shimo la 4 la mzee, zipo kete 2 za kuliwa, na zamu ni ya kijana.

Alicheza hivyo mara mbili, kuhakikisha. Kisha akairudisha ile kete ya nne pale kichwani, polepole.

"Kete moja," alisema.

"Moja," mzee akajibu.

Kivuko kilipiga honi ya mwisho. Mjukuu alikusanya kete, akazihesabu kwa kumi kumi ndani ya mfuko wa kitambaa. Zikafika 63. Watu wakaanza kutafuta chini ya mabenchi. Mzee akasema iko karibu na mguu wa birika, aliisikia ikianguka wakati wa kelele. Ilikuwa hapo.

Kijana ndiye aliyelibeba bao mpaka kivukoni, maana ni zito na mzee hawezi. Aliliweka chini taratibu karibu na magunia ya nazi. Mzee alikaa juu ya gunia, mkono wake mmoja juu ya bao.

"Mjomba," kijana alisema, "mwaka mmoja ni mrefu. Jumapili ijayo nikivuka nitakukuta?"

"Njoo mapema," mzee akasema. "Tena njoo na mafuta ya taa. Wewe bado unahitaji mwanga."